Jioni ni ya kupika, kuamua kufanyike siku nyingine

Wahariri, wiki hii mmetuuliza tunapangaje chakula cha jioni siku za kazi tukiwa na watoto wadogo, kiwe rahisi na nyumba nzima ikile. Nimesoma nikacheka kidogo maana swali limekaa kama vile shida yetu ni mapishi, na najua majibu mengi yatakuja na mapishi. Mi naona mapishi sio shida. Mzazi yeyote ana vitu saba nane anavyoweza kupika hata usingizini. Shida ni ile saa kumi na mbili jioni umefungua friji umesimama tu, mdogo kang'ang'ania mguu analia, mkubwa anauliza kwa mara ya nne leo tunakula nini, na wewe mwenyewe hujui. Hapo ndo watu wanakaanga mayai tena kama jana na juzi, sio kwamba hawajui kupika kingine, akili imegoma tu.

Kwa hiyo kwangu mimi kazi kubwa ni kuhamisha maamuzi. Kuamua kufanyike siku nyingine, mtu amekaa, ameshiba, watoto wamelala. Ikifika jioni yenyewe ni kupika tu, hakuna kufikiria.

Na ukikaa kuamua, usianze na chakula, anza na jioni zenyewe. Hili naona wengi wanalikosea, wanachukua karatasi wanaandika Jumatatu hiki Jumanne kile kwa kufuata hamu, orodha inapendeza kweli, alafu Jumatano inafika, ndo siku mtu anachelewa kurudi, na karatasi inamwambia apike nyama ya kuchemka masaa mawili. Orodha inakufa hapohapo. We jiulize kwanza, jioni ipi nafika nimechelewa? Ipi niko peke yangu na watoto? Ipi tuko watu wazima wawili na muda upo? Ile ya kuchelewa ipewe chakula ambacho kimeshapikwa, kazi iwe kupasha tu. Ile ya kuwa peke yako ipewe sufuria moja, kitu unachoweza kukiacha dakika kumi ukaenda kumwosha mtu bila kuungua. Ile yenye watu wawili ndo ya kukatakata na kujaribu mambo mapya. Ukishapanga hivo chakula chenyewe kinajipanga, yaani hubaki na machaguo mengi ya kukuchanganya.

Alafu rudia bila aibu. Sie watu wazima ndo tunachoka na chakula kilekile, mtoto wa miaka mitatu hachoki, yeye akijua Jumanne ni maharage anafurahi kabisa kwamba dunia iko sawa. Wiki hii na wiki ijayo zikifanana hakuna atakayekushtaki.

Karatasi ibandikwe pale jikoni watu wote waione, isikae kwenye simu yako. Hii ina faida ambayo watu hawaisemi sana. Orodha ikiwa kichwani mwa mama, mama ndo anaulizwa kila kitu, hata baba yao akiwahi kurudi anakaa anasubiri maana hajui kinachopikwa, na kusema kweli hapo sio mvivu, hana taarifa. Ikiwa ukutani, anayefika kwanza anawasha jiko. Swali la "leo tunakula nini" nalo linaisha, mkubwa anaenda kusoma mwenyewe, na yule asiyejua kusoma mchoree, yai ni duara, samaki ana mkia, basi.

Sasa kupika kwa akiba. Mi siamini ile ya kushinda Jumapili nzima jikoni unapika vyakula vya siku tano, utachoka siku ya mapumziko na kufika Alhamisi hakuna anayetaka kukiona hicho chakula. Pika vitu viwili tu ambavyo vinazaa vingine. Cha kwanza rojo la vitunguu, nyanya na kitunguu saumu, sufuria kubwa, iache ikauke vizuri. Hilo rojo Jumatatu ni la maharage, Jumatano unachanganya na nyama ya kusaga, Ijumaa unapasulia mayai humohumo unafunika mpaka yaive. Cha pili ni maharage yenyewe.

Kwenye maharage nisimame kidogo, hasa yale mekundu makubwa, maana siku hizi watu wengi wana yale masufuria ya umeme ya kupika polepole kutwa nzima. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, inatapisha na kuharisha vibaya, na inaondoka kwa kuchemka kwelikweli, sio kwa moto mdogo. Loweka angalau masaa 5, maji yale mwaga, weka mapya, yachemke yakitokota kwa nguvu dakika 10 kwa uchache, wengine wanashauri hata 30, ndo upunguze moto yaendelee mpaka yalainike. Sufuria ya umeme ya polepole mara nyingi haifiki joto la kuchemka, na maharage yakipashwa nusunusu sumu inaweza hata kuzidi kuliko yakiwa mabichi. Kwa hiyo chemsha kwanza jikoni kwa kawaida, ndo uhamishie. Sufuria ya presha haina shida hiyo, mle ndani joto linapita lile la maji kuchemka kawaida, ndo maana yanaiva haraka vile. Na kama hukuloweka, adesi nyekundu zile ndogo zilizokobolewa haziombi kulowekwa, dakika 20 ziko tayari.

Yakiiva gawa kwenye mifuko, kila mfuko mlo mmoja, bana hewa itoke alafu ilaze iwe bapa kabla ya kuingiza friza. Ikiwa bapa inayeyuka haraka, ikiwa bonge utaisubiri mpaka watoto walale na njaa. Nyama ya kusaga na lile rojo la Ijumaa hivohivo. Na ya kuyeyusha itolewe usiku wa kuamkia, ikae kwenye friji chini, isikae mezani kutwa nzima, maana nje inapata joto vijidudu vinazaliana huku katikati bado barafu. Hapa tena karatasi inakusaidia, unalala unajua kesho kitatoka nini.

Wali wa jana nao una kanuni zake. Wengi wanadhani wali hauna neno, kumbe kuna bakteria ambao mbegu zao zinavumilia kuchemshwa, wali ukikaa nje una uvuguvugu zinaamka na kutoa sumu, na hiyo sumu ukipasha haitoki. Kwa hiyo usiuache kwenye sufuria mpaka usiku. Tandaza kwenye sinia upoe upesi, ndani ya saa moja uwe kwenye friji, kesho yake uliwe, upashwe mara moja tu mpaka utoe moshi kote. Vyakula vingine vilivyopikwa visizidi masaa 2 nje, na kwenye friji siku tatu nne vimalizwe.

Haya, sehemu ngumu, watoto wenyewe. Msimamo wangu ni kwamba chakula cha watoto hakipo, kuna chakula. Ukianza kupika sufuria yao na sufuria yenu umejipa ajira ya pili bila mshahara. Ila kuna dakika moja katikati ya kupika ambayo ndo inaamua kila kitu, ile kabla hujatia pilipili na chumvi ya watu wazima. Pale simamisha kijiko. Nyama imeshaiva, rojo limeshashika, harufu imeshafika sebuleni, chota sehemu ya watoto weka pembeni kwenye bakuli ianze na kupoa, alafu ndo uendelee na makali yako. Wakifika mezani chao kina uvuguvugu wa kulika na chenu kina moto, hakuna mtu kupuliza kijiko cha mwenzake. Chumvi yao iwe kidogo kweli. NHS, yaani huduma ya afya ya serikali kule Uingereza, inasema mtoto wa mwaka 1 mpaka 3 asizidishe gramu 2 kwa siku, na hiyo ni pamoja na iliyomo kwenye mkate na jibini, wa miaka 4 mpaka 6 gramu 3, na yule ambaye hajafika mwaka hatakiwi kuongezewa kabisa. Vile vipande vya kiungo cha supu vinavyouzwa tayari ni chumvi mtupu, uvitie baada ya kuchota.

Kingine, usichanganye kabla ya kufika mezani. Wadogo wengi hawana ugomvi na chakula, wana ugomvi na vyakula kugusana. Weka wali bakuli lake, maharage lake, mboga lake, kila mtu achukue. Aliye na miaka minne atachukua wali mtupu na vipande viwili vya karoti, mwache. Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa kule Marekani, aliligawa hili jambo vizuri sana: mzazi anaamua kinaliwa nini, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua anakula kiasi gani na kama anakula kabisa. Najua kuna mashangazi watakasirika, tumelelewa na ile ya kumaliza sahani, ila tangu niache kuwabembeleza meza imetulia na sidhani kama wanakula pungufu. Sharti langu ni moja tu, kila mlo uwe na kitu kimoja ambacho najua wote wanakila, hata kama ni mkate au ndizi. Kwa hiyo asiyetaka maharage hafi njaa na mi sirudi jikoni.

Na kitu kipya kiwe kidogo. Kidogo kabisa, saizi ya harage moja, kando ya sahani. Mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula mara kumi na zaidi kabla hajakikubali, sasa ukimjazia sahani kila mara utatupa chakula kingi na roho itakuuma. Kipande kimoja akikitupa chini hakuna hasara. Atakinusa, siku nyingine atakilamba na kukitema, hayo yote ni maendeleo.

Njaa ya saa kumi na moja nayo ipangiwe. Ukimpa biskuti saa hiyo usitegemee atakula saa moja. Mi natanguliza mboga za chakula chenyewe, njegere kwenye kikombe, tango lililokatwa membamba, karoti zilizochemshwa zikalainika, wanakula wamekaa kwenye kiti wakati mi nakaanga vitunguu. Akila hapo nahesabu ameshakula mboga, mezani simfuatilii tena. Wakae kweli lakini, sio kukimbia na chakula mdomoni. Zabibu zikatwe vipande vinne kwa urefu, soseji pia kwa urefu na sio viduara, maana kiduara kinaziba koo sawasawa kama kizibo. Karanga nzima bado, mpaka wafike miaka mitano. Asali kwa aliye chini ya mwaka mmoja hapana, hata kidogo kwenye uji.

Mwisho kuna ile siku mpango wote umeharibika, foleni, homa, umeme umekatika, vyovyote. Hiyo nayo ipangiwe chakula, kiandikwe kabisa chini ya karatasi ili mtu asianze kuwaza. Chetu ni tambi na njegere za friza. Maji yakichemka tambi zinaingia, zikibakiza dakika mbili tatu njegere zinaingia sufuria ileile, unachota kikombe cha yale maji unaweka pembeni, unachuja. Unarudisha sufuria jikoni na mafuta kidogo na jibini kama ipo, unatia yale maji kidogokidogo huku unakoroga, wanga uliomo unafanya rojo laini bila kupika rojo. Mayai ya kuchemsha pembeni, unachemsha kadhaa mwanzo wa wiki, yakiwa na maganda yake yanakaa friji wiki nzima. Na njegere za friza usizidharau, zinagandishwa mapema baada ya kuvunwa kwa hiyo virutubisho vyake viko vizuri tu, mara nyingi kuliko zile "fresh" zilizokaa siku kadhaa zinanyauka. Dakika ishirini watu wanakula.

Mbona sijawapa ratiba yenyewe ya siku za kazi? Kwa sababu ya kwangu haitakufaa, jioni zako sio zangu. Ila nna swali kwa wasomaji wenzangu, kuna mtu amefanikiwa kumshawishi mtoto wa miaka mitatu kwamba kitu cha kijani kikigusa wali, wali haujaharibika? Aandike wiki ijayo, mi huku bado naosha mabakuli matano kila jioni.