Usilipie hiyo throto bodi! NZE yako inavuta hewa ya magendo

Weka simu chini, usitume M-Pesa kwa mtu yeyote. Throto bodi (mlango wa hewa wa injini) ya mtumba, koili nne za plagi, halafu "ikikataa tutafute injini"? Huyo fundi hajapima kitu, anabahatisha kwa mfuko wako.

Umesema Corolla NZE121 ya 2004, injini 1NZ, taa ya injini imewaka na kodi, yaani namba ya hitilafu kwenye kompyuta, ni P0171. Ikisimama kwenye foleni ya feri Likoni, Mombasa, inatetemeka, ukiweka D inataka kuzima, lakini barabarani inakwenda vizuri. Umeuliza pia AC kutopoza ukiwa umesimama na oili ipi inafaa joto la huku. Hayo tuyaache kwa siku nyingine. Kwanza pesa yako.

P0171 maana yake mchanganyiko umekauka: hewa nyingi, petroli kidogo. Haisemi throto imekufa. Haisemi koili. Na kanuni ni moja, iandike kwenye boneti kwa rangi ukitaka: spea hainunuliwi kabla hujatafuta hewa inayoingia bila kupita kwenye sensa.

Sensa ya hewa iko karibu na sanduku la filta. Hiyo ndiyo afisa wa forodha pale bandarini Kilindini: kila hewa inayopita inaandikwa, na kompyuta inapima petroli kwa kufuata maandishi hayo. Mpira ukipasuka baada ya sensa, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma bila kuandikwa. Ikisimama, injini hii inavuta gramu mbili hivi za hewa kwa sekunde, kwa hiyo nusu gramu ya magendo ni balaa tupu. Ukikanyaga hadi mizunguko 2,500 hewa halali inakuwa nyingi mno, ile ya wizi haisikiki. Ndiyo maana ukivuka daraja la Nyali unasahau kabisa kwamba gari ni mgonjwa.

Sasa angalia pesa inavyozama. Unanunua throto bodi ya mtumba. Imekuja na vali yake ya hewa na sensa yake ya mkao, zote zimetoka kwenye gari usilolijua, zimejaa masizi. Fundi anaifunga, gari inatetemeka vilevile kwa sababu mpira uliopasuka hakuugusa. Basi anatoa bisibisi na kuzungusha ile skrubu ndogo ya kuzuia kipepeo cha throto, "nikupandishie kidogo". Hapo ndipo maafa yanapoanza. Skrubu hiyo imepimwa kiwandani, si ya kuchezewa. Kipepeo kikibaki wazi, hewa inaendelea kuingia hata ukitoa mguu. Mizunguko inapanda hadi 1,500, petroli inakatwa, inashuka, inapanda tena, huku wewe unaambiwa "sasa imeshika". Ukiweka D gari inaruka mbele, na kwenye mteremko wa kuingilia feri unabaki kushindana nayo kwa breki. Afya yake, ikiwa na moto na AC imezimwa, ni 650 hadi 750. Mtu akikupandishia hadi 1,000 amekufunika ugonjwa kwa blanketi na kukuandikia bili.

Throto ikishindwa inafuata koili, halafu "kompyuta imeungua", mwisho injini ya mtumba, makumi ya maelfu ya shilingi. Na injini ikifika, mafundi wengi hufanya nini? Wanahamisha mipira ya zamani na lile bomba la hewa la zamani, wanavifunga kwenye injini mpya. Moyo mpya, ufa uleule! Ukirudi kulalamika dukani unaonyeshwa karatasi ukutani: vitu vya umeme havirudishwi. Na wewe unayetaka kuniuliza nimeyajuaje haya kwa undani hivi, pita tu, hapa si pahali pa kuhojiana.

Tafuta hivi. Chomeka skana inayosoma data ikiwa hai, si ile ya kufuta kodi peke yake. Vile vidude vya bei poa vya Bluetooth vingine vinagoma kuongea na gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani, kwa hiyo kijaribu kabla ya kulipa. Injini ikiwa na moto, angalia marekebisho ya petroli (asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza), ya muda mfupi na ya muda mrefu, uyajumlishe. Yakiwa ndani ya asilimia 10, juu au chini, hakuna neno. Yakisoma 20 au 30 juu gari ikiwa imesimama, halafu yakishuka kuelekea sifuri ukishikilia 2,500, una magendo, mjadala umekwisha. Yakibaki juu kote kuwili, shuku sensa chafu au pampu dhaifu. Presha ya petroli kwa 1NZ iwe 44 hadi 50 psi.

Kisha mikono. Anza na bomba la mpira lenye mikunjo, kati ya sensa na throto. Lichomoe, likunje juani, fungua kila mkunjo kwa vidole. Ufa wake hukaa ndani ya mkunjo na huwezi kuuona likiwa limefungwa. Ukiweka D injini inainama kwenye mautingi zake, bomba linavutwa, ufa unafunguka. Kwako wewe hiki ndicho mshukiwa wangu wa kwanza. Wa pili ni mpira wa PCV, ule unaorudisha mvuke wa injini, unaotoka kwenye kifuniko cha vali kwenda manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda): kwa joto na mvuke wa oili unalainika pale kwenye kona, upande wa chini, ukiugusa unabonyea. Mipira mingine ibane kwa koleo lililofungwa kitambaa, mmoja mmoja, injini ikiwaka. Ukibana na mtetemo ukabadilika, mfuate huyo hadi mwisho wake. Busta ya breki nayo: kanyaga breki na ushikilie, mizunguko ikibadilika na kukaa hivyo, mpira wa ndani ya busta unavuja.

Mwisho ni gaskiti ya manifoldi. Manifoldi ya 1NZ ni ya plastiki na gaskiti yake ni ya mpira unaokaa kwenye mfereji. Miaka ikipita inakuwa ngumu na bapa, haizibi tena, na asubuhi injini ikiwa baridi ndipo inavuja zaidi. Nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya dawa ya nywele kwenye kiungo cha manifoldi na kichwa cha silinda; injini ikisita, umepata. Usitumie dawa ya kabureta juu ya injini yenye moto, inawaka. Kukaza bolti zaidi hakusaidii, utapasua plastiki. Na fundi akikuletea silikoni, mpokonye. Mvuke wake huua sensa ya oksijeni, halafu utarudi hapa na kodi nyingine. Kuna gereji zina mashine ya moshi ya kuonyesha palipovuja. Moshi huo si wa kufukiza mashetani, ingawa kwa bili uliyotajiwa sikulaumu ukijaribu vyote viwili.

Ukipata geji ya vakyumu (kipimo cha nguvu ya injini kuvuta hewa), una bahati ya kukaa pwani: vipimo vya vitabuni, inchi 18 hadi 22 za zebaki, ni vya usawa wa bahari, havihitaji kupunguzwa. Jamaa zetu wa Nairobi hutoa inchi tano hivi kwa ajili ya mwinuko. Sindano ikitulia chini ya hapo, ni hewa au taimingi. Ikidunda kwa mpigo ule ule, hiyo ni vali, na hapo ndipo unaruhusiwa kuogopa.

Koili? Chomoa soketi ya injekta moja moja kwa sekunde chache. Silinda ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo mfu. Hamisha koili yake kwa jirani. Kodi ya silinda kutowaka ikihama kutoka P0302 (silinda ya pili) kwenda P0303 (ya tatu), nunua koili moja. Moja, si nne. Na chumvi ya huku inakula waya wa athi wa injini: ukiona ukijani kwenye kichwa cha waya, usafishe kwa msasa kabla ya kulaumu kompyuta ya mtu.

Ukimaliza bandika hapa namba za skana, ikisimama na kwa 2,500, na picha ya lile bomba likiwa limekunjwa. Na kama huyo fundi ameshagusa ile skrubu, asiondoke kabla hajairudisha alipoikuta.