Jicho Lililotoboka: Kwa Mnaoanza Kazi ya Macho Malindi

Ninyi mnaoanza kazi katika kliniki za macho hapa Malindi mtampokea mgonjwa wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, iliyotoboka mapema kuliko mnavyodhani. Mara nyingi ni mkulima, mvuvi au fundi aliyechomwa na kijiti au ukuti, akatia kwa siku nyingi matone aliyoyanunua bila kupimwa. Matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, hulisha fangasi, basi muombeni awaonyeshe chupa yenyewe kabla ya maswali mengine.

Konea ina unene wa takriban nusu milimita tu. Mgonjwa atakueleza kwamba maji ya moto yalimtiririka ghafla shavuni, kisha maumivu yakapungua, naye huiona hiyo kuwa nafuu. Wewe usiione hivyo. Tia rangi ya fluoresini, mulika kwa taa ya buluu, na pale penye tundu utaona maji ya ndani ya jicho yakiizimua rangi na kuteremka kama kijito cha kijani.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilimfungia mzee mmoja wa Lamu pamba na bandeji iliyobana, nikidhani ninamkinga na vumbi la safari. Alipofika kwa daktari wa upasuaji, airisi, ile sehemu ya jicho yenye rangi, ilikuwa imechomoza nje ya tundu, na hadi leo ninakumbuka ule uvimbe mweusi, mdogo kama punje ya mtama. Wekeni kifuniko kigumu kinachoegemea mfupa bila kugusa kope, mzuieni asijikaze wala kubeba mzigo, na mtibuni kichefuchefu kabla hajapanda boti.

Tundu lisilozidi milimita 2 au 3 huweza kuzibwa kwa gundi ya kitabibu na lenzi laini juu yake. Likiwa kubwa zaidi huhitajika tishu iliyotolewa na marehemu: daktari hukata sehemu iliyooza hadi kufikia ukingo mzima, kisha hushonea kipande kinachozidi shimo kwa robo hadi nusu milimita, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Konea iliyohifadhiwa kwenye baridi hudumu takriban siku 14, hivyo siku ya dharura huenda isipatikane. Ile iliyohifadhiwa kwenye gliserini hukaa muda mrefu zaidi, lakini seli zake zinazosukuma maji nje zimekufa. Huziba tundu vizuri, ila haitakuwa angavu.

Hapo ndipo penye jambo ambalo ninawasihi mlishike kuliko yote. Kabla mgonjwa hajatia sahihi, mwambieni waziwazi: «Mzee, kwanza tunaliokoa jicho lisiharibike, habari ya kuona tutaizungumza baadaye, pengine kwa upasuaji wa pili jicho likishatulia.» Asiyeambiwa hivyo hufunguliwa jicho, akakuta ukungu mweupe, akaamini kwamba amedanganywa, na matone akayaacha.

Familia nazo huuliza kama ndugu yao atatazama kwa jicho la maiti. Waelezeni kwamba kinachopandikizwa ni kile kioo cha mbele peke yake, kwamba kilitolewa kwa ridhaa, na kwamba mtoaji alipimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Wakitaka kumshirikisha shekhe wao, mpeni nafasi na muda. Mafundi wanaohofia kuwa wanafanyiwa majaribio mimi huwaeleza habari za Dkt. Eduard Zirm, aliyepandikiza konea mjini Olomouc, katika nchi ya sasa ya Cheki, mwaka 1905, kwa kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa. Anayejenga nyumba za mawe za Lamu hahitaji kufafanuliwa chokaa ni nini.

Baada ya upasuaji, mgonjwa wa visiwani asiondoke bila kujua dalili za kumrudisha haraka: wekundu, maumivu, kuchukia mwanga, kuona kufifia. Ramadhani ikikaribia, zungumzeni naye mapema kuhusu matone, kwa sababu wengi huyakatiza kimyakimya wakihofia saumu. Na kila anaporudi, kagueni nyuzi moja baada ya nyingine. Uzi uliolegea hukusanya ute kwenye ncha yake, na hapo ndipo kidonda kipya huanzia.