Washa ya koki na swali lako la kurudi nyumbani

Mwanangu,

Habari za huko Mwanza, Buhongwa? Sisi hatujambo. Baba yako magoti yanamsumbua, lakini shambani anakwenda. Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma mara mbili. Unauliza kwa nini msihamie huku kijijini Sengerema, mjenge kwenye kile kiwanja cha nyuma ya mwembe, uwe unakwenda kazini Mwanza kila siku kwa kuwa daraja lipo, na kodi ya mwenye nyumba igeuke matofali. Unasema maisha ya huku ni rahisi. Hilo neno "rahisi" ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu ungenikatisha.

Daraja ni kweli. Tangu lifunguliwe Juni 2025, Busisi mpaka Kigongo ni dakika chache, na wewe mwenyewe umekulia kwenye foleni ya kivuko, unakula mahindi ya kuchoma mpaka yanakwisha hamjavuka. Hilo sibishi. Ila daraja lina kilomita 3 hivi, na kutoka hapa mlangoni mpaka kwenye lami kuna ile mbuga, lile bonde la udongo mweusi, ambayo hakuna aliyeijengea daraja. Aprili lile tope jeusi linashika tairi mpaka wa bodaboda anazima pikipiki, anakwambia, "Tushuke hapa." Unashuka, viatu vya kazini umevitia kwenye mfuko. Ukifika lami unangoja gari lijae, lipite Kigongo, lipite Usagara, ndipo Buhongwa, na kazini kwako bado mbele. Piga hesabu ya nauli ya mwezi mzima, kwenda na kurudi, uiweke kando ya hiyo kodi. Mimi nimepiga. Sikwambii imetoka ngapi.

Sasa nikupe kisa cha washa. Mwezi uliopita koki ya simtanki ilianza kuvuja. Tone, tone, usiku kucha, na maji yenyewe ni ya kukinga kwenye bati. Baba yako akaifungua, akakuta washa imelika. Kampira kadogo kuliko kifungo cha shati! Mjini unamtuma mtoto na shilingi 500, anarudi chai haijapoa. Duka la hapa senta lina misumari, saruji na kamba za nyavu, washa hakuna. Mzee akapanda boda mpaka Sengerema mjini, akarudi jioni na washa ya robo tatu. Koki yetu ni nusu inchi. Akakaa kwenye kigoda akiitazama ile washa kama mtu aliyetukanwa. Kesho yake akapita jirani yetu, yule mvuvi, akauliza kulikoni, akaomba kandambili iliyokatika. Akakata duara kwa wembe, akatoboa katikati kwa msumari wa moto, akapachika. Mpaka leo haijadondosha.

Utasema, si unaona, huko watu wanasaidiana. Ngoja kwanza. Wiki iliyofuata mvua ilishuka ghafla, dagaa wake wakiwa wameanikwa. Akapiga kelele, nikauacha ugali motoni nikakimbia kukusanya. Ugali ukaungua. Harusi ya binti yake tutachanga, na msiba ukiingia kwake nitalala huko siku tatu, nikipika, hata kama ni wiki ya palizi. Mimi nimezaliwa ndani ya mambo hayo, hayanichoshi. Mkwe wangu ni mtoto wa mjini na ana cherehani yake. Muulize kama yuko tayari kuacha gauni la mteja nusu kwa sababu dagaa wa mtu wananyeshewa. Asipokwenda, hakuna atakayemgombeza. Watanyamaza tu, na siku koki yenu ikivuja mtaielewa ile kimya.

Umeme tunao, kuuingiza tulilipa shilingi 27,000. Lakini radi ikipiga ukakatika, mnara wa simu nao haukai sana unazima, na wakala wa pesa za simu anabaki kuchezea funguo kibandani. Mtandao ukirudi, hela ya kukupa hana. Kwa hiyo pesa taslimu iwe ndani kama chumvi. Na kitoweo kinafuata mwezi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikikolea wavuvi wanapumzika, na sisi tunakula mlenda.

Kinachoninyima usingizi ni watoto. Wakija likizo wanataka ziwani saa zote, na mimi nawafukuzia kama kuku. Pale pwani kwenye maji ya kina kifupi, penye majani, wapo konokono wa kichocho, na kichocho kinaingilia kwenye ngozi, wala si lazima mtoto anywe maji. Wewe ulitibiwa mara mbili. Hukumbuki, ulikuwa mdogo. Mimi nakikumbuka kile choo chenye damu.

Sikukatazi, usinielewe vibaya. Nilipokaa kwenu wiki mbili nilinunua mpaka majani ya kunde, fungu kwa fungu, nikataka kulia. Huku mboga naichuma nikiwa bado na usingizi, maembe tunagawa, na jioni upepo ukitoka ziwani baba yako anatoa redio nje na hakuna anayemdai.

Ila msije kuangalia wakati wa Krismasi. Krismasi huku kila nyumba ina pilau. Njooni Aprili, nyote wanne, mkae wiki tatu, uwe unakwenda kazini kutoka hapa kila asubuhi. Matofali yatafuata, kiwanja hakina pa kwenda.

Na mkija mniletee washa za nusu inchi, hata tano. Koki ya jikoni nayo imeanza, na kandambili iliyobaki baba yako anaivaa.

Mama yako