Kujitenga si kununa

Dadangu, umeuliza kwa nini baba yako aache nyumba ya Mkomani akaishi shamba peke yake, na kama ni ugonjwa. Mara nyingi si ugonjwa. Mji wetu wa Lamu waujua: kichochoro punda wawili wakikutana ni taabu, baraza kila mlango, salamu hamsini kabla hujafika sokoni. Kuna watu hayo ndiyo uhai wao. Wengine yanawachosha, na hawasemi.

Ami yangu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni. Alipofiwa na mkewe akajenga kibanda cha makuti njia ya Kipungani. Sote tulidhani amesusa. Nilipokwenda nilimkuta anashona jarife, wavu wa kuvulia, na juu ya sinia vikombe viwili vya kahawa vimepinduliwa, kimoja chake, kimoja cha mgeni. Alifurahi kweli kuniona. Baada ya alasiri akaniuliza naondoka saa ngapi, na wala sikuumia.

Dini nayo inaijua haja hii. Mtume alikuwa akijitenga pango la Hira kabla ya wahyi, na itikafu, kukaa msikitini kwa ibada, ya kumi la mwisho la Ramadhani twaiona kila mwaka.

Ila akiwa hali chakula, halali usingizi, haogi, hataki kumwona hata mjukuu, hapo usingoje, mpeleke hospitali.

Ijumaa hii mpelekee sukari na kahawa. Piga hodi, kisha tazama ana vikombe vingapi.