Pemba ipi? Kuhusu vichwa vya makala za sehemu zenye jina moja

Kosa lililonifundisha zaidi kuhusu vichwa vya makala nililifanya nikiwa na haraka. Nilikuwa naandika, katika kamusi elezo ya mtandaoni, habari za kimbunga Kenneth kilichopiga kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019. Nikaeleza kwamba kilitua nchi kavu kaskazini ya Pemba, nikatia kiungo kwenye neno Pemba, kikatokea cha buluu, ishara kwamba makala yenye jina hilo ipo, nikaridhika na kuendelea na mengine. Miezi ilipita kabla sijakibonyeza mwenyewe. Kilinipeleka kisiwani, kwenye mikarafuu, jirani na Unguja. Mji niliokusudia, makao makuu ya jimbo la Cabo Delgado, ule ulioitwa Porto Amélia wakati wa Wareno, haukuwa hata na makala. Muda wote huo kila aliyefuata kiungo changu aliondoka akiamini kimbunga kilitua karibu na Zanzibar.

Kiungo chekundu hujitangaza: hapa hapajaandikwa kitu. Cha buluu kinachokwenda siko hakisemi neno, na msomaji hana njia ya kukishuku. Ndiyo maana nashikilia kwamba swali la nani apewe jina tupu, yaani jina lisilo na nyongeza yoyote, si la urembo. Likijibiwa vibaya, makosa ya namna ile yanajificha kwa miaka.

Kuna majina yasiyohitaji mjadala. Paris ni mji mkuu wa Ufaransa, na Paris ya Texas itaandikiwa makala yake yenye nyongeza bila mtu kulalamika. London ya Ontario, Kanada, ina watu zaidi ya laki nne, lakini anayetafuta London kwa jina tupu karibu kila mara anataka ile ya Uingereza. Hapo usipoteze siku. Mpe mkubwa jina tupu, weka juu kabisa ya makala mstari mmoja unaowaelekeza wanaotafuta nyingine, basi.

Ugumu unaanza pale ambapo watu wawili wenye akili timamu watatofautiana. Nimeshiriki mijadala mingi ya aina hii, na hoja inayotolewa kwanza karibu kila mara ni ya umri: mji ulioanza kuitwa hivyo ndio wenye haki. Siikubali. Boston ya Lincolnshire, Uingereza, ndiyo iliyoipa jina Boston ya Massachusetts mwaka 1630, lakini leo nani anaandika Boston akiwaza Lincolnshire? Perth ya Uskoti haifikii watu elfu hamsini. Perth ya Australia, iliyoanzishwa 1829 na kurithi jina hilo, imepita milioni mbili. Nani alimwita nani ni historia nzuri, na mahali pake ni aya ya kwanza ya makala. Kichwa kina kazi nyingine, ya kumfikisha mtu alikokuwa anakwenda.

Hata hivyo wingi wa watu nao hautoshi. Memphis ya Tennessee ina watu zaidi ya laki sita. Memphis ya Misri haina wakazi wa mjini hata mmoja, ni magofu tu, lakini ilikuwa mji mkuu wa Misri ya kale, na mwanafunzi anayesoma habari za mafarao ana haki sawa na mpenzi wa muziki anayeitafuta ile ya Marekani. Ukimpa mmoja jina tupu, umemwambia mwingine kwamba swali lake ni la pembeni.

Msimamo wangu katika hali kama hiyo ni mmoja: jina tupu lisipewe yeyote. Liwe ukurasa wa maana, ule unaoorodhesha sehemu zote zenye jina hilo, kila moja na maelezo ya mstari mmoja. Wenzangu wengine hulalamika kwamba tunamwongezea msomaji hatua, na ni kweli, atabonyeza mara moja zaidi. Nakubali gharama hiyo kwa moyo mmoja, kwa sababu ya faida ambayo msomaji haioni: kiungo chochote kinachoishia kwenye ukurasa wa maana tunajua, bila hata kukisoma, kwamba hakijafika. Programu inaweza kutoa orodha ya viungo hivyo vyote, na mhariri mwenye saa moja ya ziada akavinyoosha kimoja kimoja. Lau jina Pemba lingekuwa ukurasa wa maana, kosa langu lingeonekana wiki ileile. Wikipedia ya Kiingereza ilifanya hivyo kwa Georgia: nchi ya Kaukasi ina nyongeza yake ndani ya mabano, jimbo la Marekani lina ya kwake, na jina tupu linawasubiri wote wawili mlangoni.

Sasa nyongeza yenyewe. Wanaoanza hukimbilia mabano mara moja. Mimi nasema uliza lugha kwanza, maana mara nyingi watu wenyewe wameshatofautisha. Waarabu wana Tripoli mbili, na wala hawahitaji mabano: moja ni Tarabulusi ya Magharibi, iliyo Libya, nyingine ni Tarabulusi ya Sham, iliyo Lebanoni. Wajerumani hutumia mito, Frankfurt iliyo kando ya Main na Frankfurt iliyo kando ya Oder. Kiswahili nacho kimetujalia kitu ambacho hatukitumii vya kutosha: sisi hutaja aina kabla ya jina. Mto Tana uko Kenya, Ziwa Tana liko Ethiopia, wala hakuna atakayechanganya. Mto Ruvuma na Mkoa wa Ruvuma, Ziwa Rukwa na Mkoa wa Rukwa, vyote vinasimama vyenyewe. Ukiona mtu ameandika “Ruvuma (mto)”, hamisha ukurasa huo uitwe Mto Ruvuma. Hakuna anayetamka mabano.

Tanganyika ni mfano ninaoupenda, kwa sababu jina moja limebeba mambo manne: ziwa, nchi iliyopata uhuru 1961 na kuungana na Zanzibar 1964, wilaya katika Mkoa wa Katavi, na jimbo la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ziwa, wilaya na jimbo vinajitofautisha kwa neno la mbele. Inabaki nchi, na hiyo pekee ndiyo tunaweza kujadiliana kama ibaki na jina tupu. Mimi ningeiachia, kwani mtu akisema Tanganyika bila neno jingine, kwa kawaida anaisema nchi.

Mabano yakishindikana kuepukika, chagua neno ambalo halitachakaa. Hapa nimeona kazi nyingi zikiharibika. Makala za kata za Mbozi na Ileje zilizowekewa “(Mbeya)” zilipitwa na wakati mwaka 2016, Mkoa wa Songwe ulipomegwa. Zilizowekewa “(Katanga)” zilipitwa na wakati 2015, jimbo hilo lilipogawanywa manne. Aliyeandika “(mji)” kando ya Dodoma ilimbidi arudi 2018 ilipotangazwa kuwa jiji. Nchi hubadilika kwa nadra kuliko mikoa, kwa hiyo anza na nchi: Pemba (Msumbiji), Pemba (Zambia). Shuka ngazi moja pale tu ambapo nchi haitoshi. “Springfield (Marekani)” haimsaidii mtu yeyote, kwa sababu Springfield zimejaa huko; andika Springfield (Illinois). Usiweke ngazi mbili ikiwa moja inatosha.

Kuhusu mkato dhidi ya mabano, sina ugomvi. Wamarekani husema mji, mkato, jimbo, na ndivyo wanavyoongea. Sisi hatuongei hivyo, kwa hiyo mabano yananikaa vizuri zaidi. Kinachoumiza ni kuchanganya yote mawili katika orodha moja.

Majina yenye siasa yanataka subira. Jirani ya Ugiriki ilipokubali kuitwa Masedonia Kaskazini mwaka 2019, mgogoro wa jina uliodumu tangu 1991 ulikuwa umeshawachosha wahariri wa lugha nyingi. Kanuni yangu ni kwamba nyongeza isimpe mtu ushindi. Kwa Kongo mbili, majina kamili ya jamhuri hizo yanatenganisha vizuri, na “Kongo” tupu inabaki ukurasa wa maana pamoja na mto wenyewe. Anayetafuta “Kongo Kinshasa” ama “Kongo Brazzaville” muundie ukurasa wa kuelekeza, yaani unaompeleka moja kwa moja kwenye makala yenye jina kamili, kwa sababu ndivyo watu wanavyosema mitaani.

Jambo la mwisho ndilo wengi wanaloruka. Kabla hujahamisha ukurasa, fungua orodha ya viungo viungavyo ukurasa huo, yaani makala zote zinazoelekeza kwake. Isome yote. Nilipoamua kurekebisha Pemba, nilikaa nayo jioni tatu. Nyingi zilikuwa sahihi: karafuu, ng'ombe wa kupigana, Chake Chake. Katikati yake nikakuta makala ya gesi asilia ya Cabo Delgado, makala ya mchezaji aliyezaliwa Msumbiji, na ile yangu ya kimbunga. Kila kimoja nilikifungua, nikasoma sentensi, nikajiuliza mwandishi alikuwa wapi kimawazo, nikabadilisha. Kisha ndipo nikahamisha makala ya kisiwa, na kwenye ukurasa wa majadiliano nikaandika mistari minne kueleza sababu, nikiwaachia wengine wiki mbili za kupinga. Mmoja alipinga, akasema kisiwa kirudishiwe jina tupu kwa kuwa wasomaji wengi wa Kiswahili wanakitaka hicho. Hoja yake ina nguvu, na bado tunaizungumza. Mji wa Msumbiji una makala yake sasa, aya tano, na sentensi ya kimbunga inaelekea huko.