Saa kubwa mbili na mbili za mfukoni

Mwanangu,

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sisi Marafiki, yaani Wakristo wanaoitwa pia Quakers, hatuapi, na kama wale wa kwanza kule Uingereza hawakuwa wabishi tu, maana wiki ijayo unaapishwa kazini na wenzako wameshaanza kukucheka. Chaji ikaniishia. Mimi ni fundi saa, basi nikujibu kwa habari za fundi saa mwenzangu.

Daniel Quare, Rafiki kama sisi, aliingia chama cha mafundi saa wa London mwaka 1671. Enzi hizo Marafiki walikatazwa hata kukusanyika kuabudu. Hakimu akikosa la kukushtakia, alikuletea kiapo cha utii kwa mfalme. Ukikataa, jela. Miaka hiyo ya 1670 Quare hakulipa faini ya kugharamia wanamgambo. Wakaingia dukani wakabeba saa kubwa mbili na mbili za mfukoni. Mimi nikipoteza skrubu moja chini ya meza silali. Yeye alibebewa saa nne nzima, akaendelea na kazi yake.

Na usidhani alikuwa fundi wa kubahatisha. Zamani zile hakukuwa na kiberiti. Usiku ukitaka kujua saa ngapi, taabu. Alitengeneza saa ya mfukoni unayoibonyeza gizani, ikakugongea saa, kisha robo. Kasisi mmoja, Edward Barlow, naye alikuwa na yake, ila ya vitufe viwili. Ya Quare ilikuwa na kimoja. Mwaka 1687 Mfalme James wa Pili akazijaribu zote mbili, akachagua ya Quare. Kitufe kimoja! Hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Baadaye, chini ya George wa Kwanza, akatakiwa awe fundi saa wa mfalme. Sheria ya 1696 ilishawaruhusu Marafiki kutoa tamko bila kuapa, lakini si kwa kazi ya serikali. Akaikosa kazi. Ila jumba la mfalme aliingia kwa ngazi za nyuma, na walinzi walimwacha apande bila kuomba ruhusa.

Wewe huhitaji ngazi za nyuma. Katiba yetu imeweka kiapo na tamko bega kwa bega. Mwambie karani mapema, kabla hamjapanga foleni, asije akakushikisha Biblia mbele za watu ukaanza kubabaika.

Mama anakusalimu. Saa yako nimeshaitia betri.

Babako