Vuta waya wa sauti, antena iache karibu na msemaji

Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi ya mitambo kwenye send-off hapa Dar es Salaam. Mikseri ilikuwa mwisho wa ukumbi, jukwaa mbele, katikati meza za wageni. Saa kumi jioni, ukumbi ukiwa mtupu, tuliijaribu maiki isiyo na waya ikalia vizuri kila kona. Saa tatu usiku baba mzazi akasimama kumpa binti wosia. Alipofika kwenye jina la marehemu mama wa binti, sauti ikakatika. Ikarudi, ikakatika tena. Mzee akaitazama maiki, akaishusha, akaendelea kwa sauti yake ya kawaida, na meza za nyuma hazikusikia neno. Iliniuma sana, na inaniuma mpaka leo.

Kesho yake nilikuwa tayari kununua maiki ya bei kubwa zaidi. Kaka mmoja aliyenitangulia kwenye kazi hii akanizuia kwa swali moja: "Antena uliiunganisha kwa waya gani?" Nilikuwa nimepeleka antena jukwaani kwa waya mwembamba wa RG-58, mita 20, risiva, kile kisanduku kinachopokea mawimbi ya maiki, nikaiacha nyuma kwenye mikseri. Kwenye masafa ya megahezi 600 hivi, waya huo hupoteza takriban desibeli 4 (kipimo cha nguvu ya mawimbi; zikipotea 3, inabaki nusu) kila mita 10. Mita 20 ni desibeli 8, yaani nguvu inayofika kwenye risiva haitimizi hata moja ya tano ya ile iliyoingia kwenye antena. Ukumbi mtupu unakuvumilia. Watu wakijaa, miili yao inakula mawimbi, maana mwili wa mtu sehemu kubwa ni maji, na ile akiba ndogo uliyobaki nayo inaisha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla hujaingia dukani: hamisha risiva. Iweke jukwaani au pembeni yake, juu kuliko vichwa vya watu, antena zake mbili zikimwona msemaji. Kutoka hapo vuta waya wa XLR, ule wa maiki wenye pini tatu, mpaka kwenye mikseri. Ndani ya XLR nyaya mbili hubeba sauti ileile, moja ikiwa imegeuzwa. Mikseri inachukua tofauti yake, na uchafu ulioingia njiani unajifuta wenyewe. Mita 50 inafika safi. Kama risiva yako ina tundu la jeki tu, tumia DI boksi, kisanduku kinachogeuza sauti ya jeki iweze kupita kwenye XLR.

Ikilazimu kurefusha antena, nunua waya mnene. RG-213 hupoteza kama desibeli 2 kwa mita 10, LMR-400 kama 1. Ni mizito, haipendi kukunjwa kona kali, na bei yake inauma, lakini kata urefu unaohitaji tu; waya uliobaki ukizungushwa sakafuni bado unakula nguvu. Watu hupigana sana kuhusu waya wa dishi, RG-6, kwa kuwa ni wa omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani wa waya kwa mawimbi) na mitambo yetu ni ya omu 50. Kwa kupokea tu, hasara ya tofauti hiyo haifiki hata desibeli moja. Kinachoharibu ni vichwa vilivyosokotwa kwa mkono na adapta tatu zilizopachikwa juu ya nyingine. Busta, kile kikuza mawimbi cha antena, nayo ni ya kufidia kilichopotea kwenye waya, basi. Ukiizidisha, inalemea risiva na kukuza makelele.

Masafa nayo yaangalie kabla ya kulipa. Marekani ilipiga marufuku maiki kwenye sehemu kubwa ya megahezi 600 tangu Julai 2020, kwa sababu masafa hayo yalikwenda kwa kampuni za simu. Kwa ukanda wetu, megahezi 694 hadi 790 nayo yametengewa simu. Maiki ya mtumba ya bei nzuri ajabu, geuza nyuma usome namba zake. Ukisita, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Kuhusu maiki yenyewe, kwa MC na waimbaji mimi bado nachukua dainamiki ya kadioidi, yaani maiki inayosikia zaidi kwa mbele, jamii ya Shure SM58 ambayo ipo sokoni tangu 1966. Haisikii vizuri kwa nyuma, kwa hiyo monita, spika ya jukwaani inayomwelekea msemaji, inakaa nyuma ya maiki moja kwa moja. Supakadioidi, inayosikia mbele kwa wembamba zaidi, ni tofauti: pahali inapoziba masikio ni nyuma kwa upande, na monita ukiiweka katikati itapiga mluzi. Halafu mtazame MC mkono wake. Akikikumbatia kichwa cha maiki, anaziba matundu yanayoizuia kusikia nyuma, na mluzi unaanza. Akishika mkia, kwenye maiki nyingi anafunika antena. Mweleze kwa upole kabla ya shughuli: ashike katikati.

Betri mpya kila shughuli, bila mjadala.

Siku hizi jaribio langu nalifanya wageni wakiwa wameshaanza kukaa. Kijana wangu anashika maiki chini usawa wa kiuno, anapita kati ya meza akihesabu kwa sauti, anasimama nyuma ya nguzo, anageuka kuipa risiva mgongo. Mimi naangalia taa za risiva. Pahali zinaposhuka, nasogeza antena, naye anarudi kuhesabu kutoka moja.